Kitambulisho cha Baba Mkwe

Kazi yangu ni kukagua umri wa watu. Mtu akitaka kufungua tovuti ya picha za watu wazima, anatuma picha ya kitambulisho; mimi naangalia tarehe ya kuzaliwa, nabonyeza "pita" au "kataa". Ya watu hayanihusu. Nyumbani ni mume wangu tu aliyejua. Wengine niliwaambia nafanya kazi ya kompyuta, basi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, ikatokea sura ya baba mkwe.

Baba mkwe! Fundi saa mstaafu wa miaka sabini na moja, tunayeishi naye, asiyekaribia jikoni bila kukohoa kwanza ili nijue anakuja. Uso uliniwaka utadhani mimi ndiye niliyefumaniwa. Miaka ilikuwa imetimia, na kupita. Nikabonyeza, nikaenda chooni kunawa uso.

Tangu siku hiyo sikumtazama machoni. Nilimwekea chakula mezani nikatoka. Akiniita, nilijifanya sisikii. Akikohoa mlangoni, nilisema kimoyomoyo: mnafiki mkubwa wewe. Hata mama mkwe, marehemu, nilimwonea huruma.

Wiki ya tatu akaja, akasimama nje ya mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Mwanangu, nimekukosea nini? Kama nimekosa, nisamehe. Uzee huu, mtu husahau hata alichosema."

"Hujakosa kitu, baba."

"Haya. Basi nina shida ndogo. Mwambie mumeo anirudishie kitambulisho changu. Alikichukua mwezi uliopita, eti anisajilie laini ya simu. Kila nikimwuliza, kesho, kesho. Nikaona bora nipitie kwako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mume wangu alijua kitambulisho chake kikiangukia mezani kwangu, jioni hiyohiyo tungegombana. Cha baba yake je? Mkamwana gani atathubutu kumwuliza mkwewe jambo kama lile? Heshima yangu ndiyo aliyojifichia, nami nikammalizia hasira mzee wa watu.

Nilitaka kumwomba radhi. Lakini ningeanzia wapi bila kumvua nguo mwanawe?

"Nitamwambia, baba."

Akatabasamu, mara ya kwanza kwa wiki tatu.

"Mungu akubariki. Wewe ndiye mwanangu, kuliko hata yule niliyemzaa."

Nikaitika, "Amina," macho sakafuni.