Goli Nililofunga Nikiwa Nalima

Niliondoka Susuni siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kwenda Mbalibali kupiga penalti. Nina miaka arobaini na sita, na goti la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Lakini barua ya mwaliko ilifika klabuni ikiwa na muhuri, na kwetu barua yenye muhuri haikataliwi.

Ilitoka kwa timu ya Nyati ya Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Walikuwa wamesimika nguzo mpya za goli, za chuma, wakaona wa kuzizindua ni "ndugu Marwa wa Chapakazi ya Susuni, aliyetufunga katika Kombe la Mkoa." Langoni angesimama Mzee Mahemba, kipa wao wa siku ile. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, kipa mwenyewe alikuwa ameongeza: "Nina swali moja la kumuuliza. Aje."

Kwa asiyeijua klabu yetu, historia yake ni fupi. Chapakazi haijawahi kucheza ligi yoyote. Tunaingia Kombe la Mkoa kila mwaka tunapopata nauli, na kwa kawaida tunatolewa mapema, tukawahi palizi. Mara moja tu, miaka ishirini na kitu iliyopita, tuliwafunga Nyati moja bila nyumbani kwao, katika robo fainali. Nusu fainali tulifungwa, na idadi ya magoli haikuandikwa kwa sababu katibu aliona uchungu. Goli lile moja ndilo historia yetu yote, na kwenye daftari la klabu limeandikwa jina langu.

Mimi siku hiyo nilikuwa nalima Kenya.

Nieleze. Wakati ule nilikuwa mchezaji wa akiba, na hata katika akiba sikuwa wa kwanza. Meneja wetu, Mwalimu Gesabo, alimtaka Chacha, mtoto wa mjomba wangu anayeishi ng'ambo ya mpaka, mwenye mguu wa kushoto wa hatari. Mchezaji wa Kenya hakuruhusiwa. Lakini mimi na Chacha tumefanana pua na paji la uso, na picha kwenye leseni yangu ilikuwa imefifia vya kutosha. Chacha akasema mvua zimeanza, shamba lake halijalimwa, hawezi kuacha plau akakimbize mpira. Tukaelewana: yeye avae jezi yangu, mimi nishike plau yake. Wachezaji waliapa kutosema, na Wakurya tukiapa hatuchezi.

Nilirudi kesho yake na malengelenge viganjani, nikakuta akina mama wananipigia vigelegele. Nilikusudia kueleza ukweli wakishatulia. Hawajatulia mpaka leo. Baba mkwe alinikubali kabla sijamaliza kujieleza, na sasa mimi ni makamu mwenyekiti wa klabu.

Saa mbili asubuhi nilishuka kwenye pikipiki Sirari. Chacha ana duka la mahindi upande wa Kenya, akavuka tukakutana kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati upande wetu. Swali la kipa nililijua. Mbalibali walilalamika tangu siku ile ile kwamba goli lilikuwa la mkono. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza Chacha, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu.

"Ulishika?" nilimuuliza.

Akapuliza chai yake kwa muda mrefu kuliko moto uliokuwamo. "Si hiyo ni mambo ya kitambo, Marwa?"

"Naenda kuulizwa kesho."

"Niliguza," akasema. "Na huu mkono. Mpira ilikuwa inapita juu yangu, nikaisukuma kidogo tu, kipa akaenda huku, mpira ikaenda kule. Refa alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nikiwa nani? Si nilikuwa wewe?"

Nililipia chai. Kisha nikapanda basi.

Mchana, basi lilisimama Kewanja kushusha magunia. Ni kijiji kilicho ubavuni mwa mgodi mkubwa, na vumbi lake hukaa hewani hata wakati wa mvua, sijui kwa utaratibu gani. Mwalimu Gesabo amestaafu na anauza mabuti ya mpira na sururu mita chache kutoka kituoni. Nilimpa shikamoo, nikamweleza ninakokwenda na alichosema Chacha.

"Marahaba. Usiseme," alijibu, kwa pumzi moja.

"Mwalimu, ataniuliza uso kwa uso."

"Mwambie umesahau. Mtu kusahau ni haki yake. Klabu ina goli moja tu, mura. Ukilitoa hilo, tunabaki na nini? Jezi?" Aliniita mura, kijana, kama alivyokuwa akiniita nikiwa benchini. "Na aliyeumia ni nani? Wale walitolewa tu kwenye kombe. Kila timu hutolewa."

Honi ikalia, nikapanda. Kutoka hapo hadi daraja la Mto Mara nilifanya mazoezi ya kusahau. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa.

Saa kumi jioni nilifika Mbalibali. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Mahemba mwenyewe, jambo ambalo barua haikulitaja. Ni mtu mrefu, mpole, mikono mikubwa. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama usoni kidogo zaidi ya inavyohitajika, halafu akaenda kufunga ndama. Nilibaki na mkewe, Mama Bhoke, aliyeniletea ugali wa udaga wa muhogo, nyama na maziwa ya mgando.

"Karibu Marwa," alisema. "Ila ujue hapa kwetu Marwa ni yeye."

Nilimwambia sijaelewa.

"Tangu mlivyomfunga. Walisema aliruka upande usio na mpira kama mtu aliyehongwa. Wakaanza kumwita jina la aliyemfunga. Marwa huyo, Marwa huyo. Sokoni Marwa, kanisani Marwa. Watoto wangu shuleni waliitwa watoto wa Marwa. Wageni waliohamia hapa juzi wanadhani ndilo jina lake." Akaongeza maziwa kwenye kikombe changu. "Yeye alisema ni mkono, wakasema anajitetea. Tangu siku hiyo hajagusa mpira. Hii ya kesho, ni kwa sababu wewe unakuja. Kula, mgeni."

Swali la Mwalimu Gesabo, kwamba aliyeumia ni nani, lilikuwa limejibiwa, na aliyeumia alikuwa nje anafunga ndama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mzee aliporudi hakuniuliza chochote. Alisema tu, "Kesho. Uwanjani."

Jumamosi saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Nguzo zilipakwa rangi nyeupe asubuhi ile ile, na kila aliyeziegemea aliondoka na ukumbusho. Mwenyekiti wa Nyati alihutubia kwa kipaza sauti, akamaliza, akaanza tena. Mzee Mahemba alivaa glavu zilizoshonwa upya na mkewe, akasimama katikati ya goli. Watu wakapiga kelele, "Marwa! Marwa!" Sikujua ni yupi kati yetu anayeshangiliwa na yupi anayechekwa.

Niliweka mpira, nikarudi hatua nne, nikajipanga kwa mguu wa kulia. Sina mwingine.

Mzee akanyoosha mkono kunisimamisha. Akatembea taratibu mpaka nilipo.

"Yule alikuwa wa kushoto," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimtazama dakika tisini."

Hapa ndipo nilipotakiwa kusahau. Nilifungua kinywa, nikaangalia glavu zile, uzi mpya mweusi kwenye ngozi kuukuu, nikashindwa.

"Si mimi, mzee," nilisema. "Mimi nilikuwa nalima. Yule ni ndugu yangu wa Kenya, alicheza kwa jina langu."

"Na mpira?"

"Aliusukuma kwa mkono. Ameniambia jana."

"Sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Akasema bado, akaniletea kipaza sauti. Nikawaambia watu wa Mbalibali kwamba mchezaji hakuwa halali, goli halikuwa halali, na kipa hakukosea. Kipaza sauti kilikuwa kizuri, hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Hata mwenyekiti hakukidai tena.

Mzee Mahemba akaketi chini, palepale pa penalti. "Niliwaambia," alisema, bila hasira. "Siku ile ile niliwaambia." Mama Bhoke alitoka kwenye umati, akaja akasimama nyuma yake, akaanza kumpangusa mgongoni rangi ya nguzo ambayo haikuwa inatoka. Hakunitazama. Nilitamani anitukane.

Baadaye mwenyekiti aliomba nipige hivyo hivyo, kwa kuwa nguzo lazima zizinduliwe. Mzee alikataa. "Sipigiwi na mlimaji," alisema, na watu wakacheka, lakini walinicheka mimi. "Mleteni mwenyewe. Jumamosi ijayo."

Jumapili nilianza kurudi. Kewanja sikushuka. Niliinama kwenye kiti kana kwamba nimeangusha kitu, mpaka tukapita duka la mabuti.

Susuni, kamati ilikaa Jumatatu. Katibu alifuta goli kwa rula ili mstari unyooke, akauliza sasa aandike nini. Tukakubaliana aandike, "Tulishiriki." Niliachia umakamu kabla sijaombwa. Baba mkwe nilimweleza mwenyewe, nimesimama. Aliuliza kama kule Kenya nililima vizuri. Nikamwambia nililima vizuri. Akasema basi.

Jumanne nilikwenda kwa Chacha. "Anakuita," nilimwambia. "Kwa jina lako."

Hakubisha, na hilo lilinishangaza. Alitazama mawingu tu. "Nitaenda. Lakini mvua imeanza, Marwa. Hii shamba yangu nani atalima?"

Nilichojifunza katika safari hii si kingi. Jina langu lilikaa miaka ishirini juu ya mtu asiyenijua, likimlemea, na mimi huku nikilitembelea kifua mbele. Nimejifunza pia kwamba plau ya Chacha bado inavuta upande wa kushoto.

Leo ni Jumamosi, na haya nayaandika kando ya shamba lake, maksai wakipumzika. Nimebakiza robo eka. Dakika chache zilizopita Mama Bhoke alinipigia simu. Alisema Chacha ameweka mpira, amepiga kwa kushoto, kwa nguvu, bila kumwonea huruma mzee.

"Na?"

"Ameudaka," alisema.

Nyuma yake watu walikuwa wanaimba, Mahemba, Mahemba. Nilisikiliza mpaka simu ikakatika, na sasa nanyanyuka nikashike plau.