Zulia la Bibi Kerttu na Tundu la Baba

Ukienda kumtembelea bibi yangu Kerttu, nenda na nguo mpya. Bibi akiona kiwiko cha shati kimeanza kupauka, ameshaliona lile shati likiwa zulia. Atakuuliza kwa upole, "Hili bado unalivaa?" na kabla hujajibu vidole vyake vimeshapima kitambaa. Mchungaji wetu wa zamani aliwahi kukaribishwa kwa Bibi kwenye sauna, lile bafu la mvuke la kwetu, akavua suruali yake nzuri tu mlangoni, akatoka, suruali hakuna. Aliikuta sebuleni imeshakatwa utepe mwembamba na kuviringwa donge kubwa kama kabichi. Alirudi kwake amejifunga taulo, na Bibi akamsindikiza hadi kwenye gari akimfariji kwamba baridi ya mwezi wa tano haijawahi kuua mtu wa Mungu.

Nyumba yake iko ukingoni mwa ziwa Kallavesi, nje kidogo ya mji wa Kuopio. Kitanda cha kufumia kimeimeza sebule nzima, kwa hiyo televisheni imehamia jikoni, na Bibi mwenyewe hulala kwenye kichumba ambacho zamani kilikuwa cha viatu. Asubuhi anakunywa kahawa, anakunywa nyingine ya kuisindikiza ile ya kwanza, kisha anapanda kwenye benchi lake, na kuanzia hapo nyumba inatikisika, dum, dum, dum, matambara yanagongwa yakae. Vikombe vinacheza kabatini. Ukimwuliza kama amechoka atakwambia, "Inaweza kuwa, inaweza isiwe." Sisi watu wa mkoa huu wa Savo ndivyo tulivyo. Mtu wetu akifungua mdomo, kazi ya kujua alichosema ni ya msikilizaji. Lakini Bibi amezidi. Siku Babu Reino alipomposa alimjibu kwamba pengine jambo hilo halizuiliki, na Babu akazunguka na jibu hilo majira yote ya baridi bila kujua kama ana mchumba au hana.

Mazulia ya kawaida Bibi huyafuma kwa nguo za wizi, na wala haoni haya. Zulia la ukumbini, pale mtu anapoingia tu, ni jambo jingine. Hilo alilifuma mwaka niliozaliwa mimi, Venla, mjukuu wake wa pekee, na lina sheria yake: kila mstari ni nguo ya mtu mmoja wa nyumba hii, na mtu huyo lazima aitoe mwenyewe, kwa mkono wake. Mstari wa kwanza ni Babu Reino, ovaroli ya bluu aliyoendeshea lori la maziwa. Unaofuata ni Bibi, gauni la maua. Halafu baba yangu Vesa, mwanawe wa pekee, shati la jeshini. Halafu mama yangu Outi, sketi nyekundu aliyovaa siku alipoletwa kutambulishwa, akateleza gatini na kutumbukia ziwani mbele ya mama mkwe. Bibi alimvuta kwa kasia. "Huyu hakuletwa na mtu," hupenda kusema, "huyu nilimtoa majini mwenyewe." Mstari wa mwisho ni mimi, shuka ya kitanda cha mtoto, niliyoshikishwa kiganjani ili ihesabike nimeitoa mwenyewe.

Kila asubuhi Bibi akipita kwenda kuwasha jiko husimama juu ya mstari wa bluu, anapangusa miguu, anasema, "Samahani Reino, leo kuna matope." Hajaacha kufanya hivyo tangu tulipomzika Babu.

Wazazi wangu waliachana miaka miwili iliyopita. Hapakuvunjika hata sahani, walichokana tu. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikalia kama mtoto, nikamaliza. Bibi hakulia, lakini yeye ndiye aliyepoteza zaidi, kwa sababu alipoteza mwenzake wa kufua mazulia. Kwetu, kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, kila mwenye sakafu hubeba mazulia yake mpaka sehemu ya kufulia kando ya ziwa. Kuna mabeseni makubwa ya mbao, sabuni ya msonobari, mashine ya kukamulia yenye mpini wa kuzungusha, na habari za mji mzima. Bibi na mama walikuwa wakienda pamoja tangu kabla sijazaliwa. Baada ya talaka mama aliacha kuja, maana alidhani hana haki tena. Bibi naye hakumpigia simu, maana alidhani kumpigia ni kumsaliti mwanawe. Kila mmoja aliniambia hayo kwa wakati wake na kuniapisha nisimwambie mwenzake. Kiangazi kile Bibi akaenda kufua peke yake, na kwenye kikapu cha kahawa bado alitia vikombe viwili. Alikuwa anamkumbuka mama yangu mno, na mimi nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Mwaka huu, mwezi wa sita, baba akatangaza kwamba anamleta mchumba wake, Marjut, tusherehekee naye. Yeye alitangulia. Marjut angefuata na basi la jioni. Hata viatu hajavua, akaanza.

"Mama, lile zulia la ukumbini."

"Lipo."

"Najua lipo. Si ungeliweka stoo kidogo? Mgeni anaingia mara ya kwanza, aanze kwa kumkanyaga Outi?"

"Wapo ambao wangefurahi."

"Mama!"

"Linaweza kuwekwa," Bibi akasema. "Linaweza lisiwekwe."

"Basi toa huo mstari mwekundu tu."

"Vesa, mwanangu, zulia si kalenda uchane ukurasa. Limeshikana. Ukimtoa mmoja, walio pembeni wanateleza."

Baba yangu huuza boti za injini, na hajawahi kukutana na kitu ambacho koleo haliwezi kukifungua. Mimi na Bibi tukaenda kumpokea Marjut kituoni, na njiani tukapita kununua mkate mweusi wenye samaki ndani, ule wa kwetu unaookwa usiku kucha. Tuliporudi, nikiwa nimeshamsimulia Marjut sheria ya zulia njiani, moshi wa sauna ulinuka nguo iliyoungua. Na baba alikuwa amekaa kwenye kiti, katikati kabisa ya ukumbi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri treni.

"Unapumzika?" Bibi akamwuliza.

"Kidogo."

"Hapo?"

"Hapa pana hewa."

Marjut alikuwa nyuma yangu, mwanamke mfupi, msusi, mwenye nywele za rangi ambayo sijaiona kwa kiumbe mwingine. Alitazama chini kabla hata ya kusalimia.

"Vesa mpenzi, mguu mmoja wa hicho kiti umezama kwenye zulia."

Baba akainuka. Chini yake palikuwa na tundu, kutoka ukingo hadi ukingo. Alikuwa ameuvuta mstari wa mama utepe kwa utepe kwa koleo, akautia kwenye jiko la sauna ili kupoteza ushahidi. Zilibaki nyuzi tupu za mtande, zile za urefu zinazoshika tepe, zimelegea, na tayari shati lake la jeshini kutoka upande huu na shuka yangu kutoka upande ule vilikuwa vinateleza kuingia shimoni. Bibi alipiga magoti, akapitisha mkono pale palipokuwa pekundu. Nilingoja amzabe kofi, tena nilikuwa namwombea alipate. Hakumgusa. Kidevu chake kikaanza kutetemeka, nami sikuwahi kukiona kikitetemeka, hata makaburini.

"Hapa palikuwa na nani?" Marjut akauliza.

Baba akayachunguza mabuti yake.

"Mama yangu," nikasema mimi.

Marjut akamgeukia. "Nani alikwambia umtoe? Mimi nilisema?"

"Nilidhani utajisikia vibaya."

"Mimi mtu mzima, Vesa. Nilijua ulikuwa na mke. Binti yako hakuota msituni kama uyoga!" Akamshika Bibi mkono akamsaidia kuinuka. "Mama, mpigie simu mwenye mstari alete nguo nyingine. Mimi siolewi kwenye nyumba yenye shimo mlangoni. Watu watasema nimelichimba mimi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama kitambaa. Halafu akachukua simu. Huwa anaishika mbali na sikio, anaamini inauma, kwa hiyo sote tulisikia.

"Outi."

"Naam."

"Huku mvua inaweza kunyesha."

"Huku pia inaweza."

"Nasikia sangara wanapatikana."

"Ndivyo wanavyosema."

Marjut alikuwa anang'ata kola ya koti lake.

"Zulia la ukumbini limepata tundu," Bibi akasema.

"Upande gani?"

"Upande wako."

Huko kwake kijiko kikawekwa mezani.

"Panya?" mama akauliza.

Bibi akamtazama baba kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mkubwa."

Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi kicheko chake kinavyosikika katika nyumba ile, na nilifurahi hadi macho yakaniwasha.

"Sketi ile haina hata kipande kilichobaki," akasema. "Nina gauni la kazini, la duka la maua. Limepauka."

"Lililopauka ndilo zuri. Kesho tunafua."

"Nije?"

Hapo ndipo nilipomwomba Mungu amfungue Bibi ulimi. Akasema, "Unaweza kuja. Unaweza usije."

"Haya," mama akasema, na simu ikakatwa.

"Bibi! Si ungemwambia aje!"

"Nimemwambia."

"Hujamwambia! Umemwambia achague!"

"Venla, usinipigie kelele, mimi ni mtu mzima," akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo, na jioni ile hakugusa samaki wake.

Asubuhi Bibi hakupanda kwenye benchi lake. Alikunywa kahawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiwa amesimama dirishani na kutuambia kwamba anaangalia hali ya hewa. Gari la mama lilipokata kona, ghafla akakumbuka kazi jikoni, na mlango nikafungua mimi. Mama akaingia na gauni la kijani mkononi. Akamwona baba, akamsalimu kwa kichwa. Akamwona Marjut, wakapeana mikono kama watu wanaouziana farasi. Halafu akasimama mbele ya Bibi na kumnyooshea lile gauni.

"Hili hapa, Kerttu."

Kerttu. Miaka yote alimwita Mama. Niliona neno lile lilivyomwingia Bibi. Akalipokea gauni, akalitia mkasi.

Kutia utepe kwenye zulia lililokwisha kufumwa ni kazi ya kuvunja mgongo. Walilala kifudifudi ukumbini wote watatu. Marjut alitenganisha nyuzi kwa vidole vyake vya ususi, mama alipitisha utepe kwa sindano ya mbao, na Bibi aligonga kwa uma wa jikoni. Baba alipika kahawa na kuwaletea, na kila alipotaka kuketi mtu alimtafutia shughuli. Hawakuzungumza jambo la maana. Walisema nyuzi za siku hizi hazina nguvu. Lakini kufikia saa nne tundu lilikuwa limejaa kijani.

Tukayabeba mazulia mpaka pale pa kufulia. Bila shaka Sylvi alikuwepo. Sylvi huanza kufua wiki ya kwanza ya joto na kumaliza wiki ya mwisho, mazulia yake ni mawili, na yaliyobaki ni masikio.

"Kerttu! Mwaka huu umekuja na jeshi."

"Mazulia yalizidi."

"Outi namjua," Sylvi akasema, huku brashi yake ikizunguka mahali pamoja. "Ila mimi si nilisikia kwamba…"

"Inaweza kuwa ulisikia."

"Na huyu mwenzake? Huyu simjui."

Brashi za mabeseni mengine nazo zikapungua kasi. Marjut alijinyoosha, povu likimtiririka viwikoni, akafungua mdomo na kuufunga, maana hata yeye hakujua yeye ni nani pale. Mama akawa mwekundu. "Mimi nimekuja kusaidia tu," akasema haraka. "Mimi mgeni."

Bibi akaiweka brashi chini. Nikangoja ile "inaweza kuwa" yake, nikashusha pumzi kabla haijafika.

"Hakuna mgeni hapa," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi beseni la mwisho. "Hawa ni wakwe zangu. Wote wawili."

Sylvi akabaki na brashi hewani. "Wakwe wawili? Kwani Kerttu, una watoto wa kiume wangapi?"

"Mmoja tu," Bibi akasema, akamwonyesha baba, aliyekuwa anahangaika na mpini wa mashine ya kukamulia. "Yule pale. Na mmoja ananitosha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba alizungusha mpini bila kugeuka, masikio yamemwiva. Mama alikuwa ameinama juu ya zulia la ukumbini, anasugua mstari wa kijani ambao haukuwa na uchafu wowote.

"Mama," akasema, bila kuinua uso, "nipe sabuni."

Bibi alikuwa anajifuta macho kwa aproni na hakuiona ilipo, kwa hiyo Marjut ndiye aliyempa.