Siku Niliyomchagua Shosho

Wueh, hii nasimulia nikiwa nimefunika uso, na ukitaka kucheka cheka polepole.

Niko mwaka wa tatu wa udaktari wa saikolojia, na kwenye mafunzo nimejikita upande wa mahakama na magereza: kazi ni kukaa na mshtakiwa, kumsikiliza, kisha kumwandikia hakimu kama akili yake iko sawa. Ukifanya hivyo miezi michache unaanza kudhani unaona ndani ya watu (walimu walituonya).

Sasa siku ya ruracio yetu, ile sherehe ya kupeleka mahari, nyumbani kwa kina mchumba wangu Wambui kule Mweiga, ilibidi nimtambue kati ya wanawake sita waliofunikwa leso kichwa hadi vidole. Kwao ukikosea mara mbili unarudi nyumbani, mnapanga siku nyingine. Asubuhi Wambui alinipigia simu, "Kariuki, nitakohoa. Usiniaibishe." Nikamwambia ati mimi ni mtaalamu, siibi mtihani.

Wa pili akakohoa. Mimi huyo, maikrofoni mkononi, nikaanza kufundisha ukoo mzima kwamba anayejionyesha sana anadanganya, nikampita. Akakohoa tena, kwa hasira, nikasema, "Mnaona? Anazidisha!" Wazee wakapiga makofi. Wa tano alikuwa anatetemeka, nikatangaza kwamba hiyo ndiyo hofu ya mtu anayeficha jambo, nikamshika mkono, nikamfunua.

Alikuwa shosho yake Wambui, bibi wa miaka themanini na zaidi, anatetemeka kwa baridi.

"Nimekubali," shosho akasema, na mkono hakuuachilia.

Ngai! Watu walicheka hadi wengine wakaanguka na viti vya plastiki. Mama yangu akainamisha kichwa. Wanawake wakarudishwa ndani, wakapangwa upya, mjomba wa Wambui akanikumbusha imebaki mara moja tu, na hapo jasho likanitoka kweli. Safari hii hakuna aliyekohoa. Nikangoja. Kimya. Nikakohoa mimi (usiniulize kwa nini). Kimya.

"Wambui, tafadhali," nikanong'ona, "nimeshindwa, sijui kitu."

"Sema na maikrofoni," sauti ikatoka kwa leso ya mwisho.

"SIJUI KITU!"

Nikaenda, nikafunua, na ni yeye, nikakaribia kulia. Wageni wakapiga vigelegele. Wambui hakucheka. Aliniambia polepole, "Wezi unawasikiliza masaa mawili. Mimi nilikuambia kwa simu, nikakuambia tena hapa mara mbili."

Hiyo ilinichoma kuliko vile vicheko vyote. Nikasema pole, bila kueleza chochote, na tangu siku hiyo nimeapa: nikitaka kujua mtu anafikiria nini, nitamuuliza, halafu ninyamaze.