Karani na Taarifa ya Saa Nne

Kila asubuhi, kabla ya kufunga mlango, mama mdogo huwasha redio iliyo juu ya kabati na kuiweka kwenye stesheni ya washindani wake. Huifanya kazi hiyo akiwa ametazama ukutani, kama mtu anayechomwa sindano. Kisha humwambia mbwa, "Karani, linda nyumba," hufunga kufuli, huvuta kitasa mara mbili, na kwenda kwenye kona ya duka la dawa, ambako gari la kazini humchukua saa kumi na moja na nusu.

Ni mdogo wake mama yangu. Anasoma taarifa ya habari redioni: ya saa moja asubuhi, ya saa nne na ya saa saba mchana. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na mtaani wanamwita Taarifa. Anaishi peke yake kwenye chumba na sebule, ghorofa ya kwanza. Nyumbani haongei sana. Husema kwamba maneno yake yote huyamalizia kazini.

Mbwa alikuja baada ya mwizi. Mwizi aliingia mchana, akachukua pasi, sufuria tatu na pazia moja. La pili aliliacha likining'inia, na hilo ndilo lililomkera zaidi mama mdogo. Fundi mitambo wa pale redioni alikuwa na mbwa aliyezaa, akamletea mtoto mmoja ndani ya boksi la karatasi.

"Paka asingetosha?" mama yangu alimuuliza kwenye simu.

"Dada, umewahi kusikia mwizi amekimbizwa na paka?"

Akamwita Karani kwa sababu alikaa karibu na mlango akiwatazama waliopita kwenye korido kama anayewaandika.

Karani alikua haraka. Ila akiachwa peke yake hakulinda nyumba, alimsubiri mwenye nyumba, na hizo ni kazi mbili tofauti. Alitafuna viatu vya mguu wa kushoto, vya kulia hakuvigusa. Alikwaruza mlango mpaka ikatokea rangi ya zamani, ya kijani, ambayo hakuna mpangaji aliyeikumbuka. Alibwekea kila hatua ya mtu kwenye ngazi. Mama mdogo akirudi alasiri, alimkuta amelala juu ya kitasa kilichong'oka, amechoka kama mtu aliyetoka kibaruani.

"Mwachie redio," fundi mitambo alimshauri. "Mbwa akisikia mtu anaongea, hajioni mpweke."

Mtu mwingine angewasha stesheni yoyote. Mama mdogo aliwasha ya kwao. Kama ni sauti ya kumtuliza Karani, aliwaza, ipi ingeishinda ya mwenyewe?

Wiki mbili baadaye nesi wa mlango wa pili alimsimamisha kwenye ngazi.

"Dada Taarifa, mbwa wako analia kama amefiwa. Mimi natoka zamu ya usiku saa mbili. Saa nne ananiamsha. Saa saba ananiamsha tena. Nimekuwa kama mgonjwa wa dozi."

"Mbona akiwa na mimi yuko kimya?"

"Akiwa na wewe. Si ndiyo hapo?"

Mama mdogo alilitafakari jambo hilo jioni nzima, akaona kosa lilipo: mbwa hasikii vizuri. Kesho yake akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu iliyofuata alikuja mama mwenye nyumba mwenyewe, akakataa kuketi.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa. Lakini nesi ana mkataba, mbwa hana. Ijumaa asubuhi nitakuja na kiti changu, nikae hapa nje kwenye korido. Nikimsikia analia, uchaguzi ni mmoja: aondoke yeye, au muondoke wote wawili."

"Na nani atachagua?"

"Wewe, jamani! Mbwa atachagua nini?"

Jioni hiyo mama mdogo alinipigia simu. Chuo ninachosoma kilikuwa kimefungwa. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Karani akihema, na kwa jinsi alivyohema karibu na simu nilijua amempakata, mbwa wa kilo ishirini na kitu. "Njoo na daftari," alisema. "Ukae naye kesho, uandike anachofanya. Usiongeze chumvi."

Nilikaa chumbani, mlango wa sebuleni nimeurudisha kwa uwazi wa kidole, ili Karani asinione. Redio ilipiga nyimbo, naye akalala kwenye zulia. Saa moja kamili mama mdogo akasema redioni, "Hii ni taarifa ya habari." Karani akasimama. Akaenda mlangoni, mkia ukipiga ukuta, akangoja ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akarudi, akachungulia nyuma ya kabati. Akapanda kiti, akainusa redio mbele na nyuma. Mama mdogo alikuwa amefika kwenye bei za mbolea. Karani akashuka, akakaa katikati ya sebule, akainua shingo na kulia.

Alilia dakika tisa. Alipoingia mwanamume wa habari za michezo, alinyamaza na kulala. Mama mdogo aliporudi kwa muhtasari, akaanza upya. Saa nne ikawa vilevile, na nesi akagonga ukuta. Saa saba vilevile, na nesi hakugonga tena. Nafikiri alikuwa amekata tamaa.

Mama mdogo alipofika nyumbani nilimpa daftari. Alilisoma kwa sauti, amesimama, akipumzika kwenye kila nukta, maana hajui kusoma namna nyingine. Karani alikuwa amemlalia miguuni, kimya kabisa.

"Una hakika ni mimi? Si yule wa michezo?"

"Ni wewe, mama mdogo. Wa michezo anamlaza."

Alifunga daftari, akaliweka mezani, akalinyoosha likae sambamba na ukingo wa meza.

Jumatano tulijaribu kuacha redio imezimwa. Karani akarudia mlango, na rangi ya kijani ikaongezeka. Redio ilihitajika, na pale ghorofani stesheni nyingine iliyoshika bila kukoroma ilikuwa moja tu. Msomaji wake alikuwa mwanafunzi wa mama mdogo. Mama mdogo ndiye aliyemfundisha kupumua na kushika karatasi isitoe mlio, hata akamwachia kiti chake siku alizougua homa. Kisha asubuhi moja yule binti akahamia upande wa pili bila kuaga. Ni miaka minane sasa, na mama mdogo anasema hajawahi kumsikiliza.

"Anameza mwisho wa maneno," alisema.

Sikuuliza amejuaje.

Alhamisi jioni alikaa mbele ya redio muda mrefu. Karani alimlalia mguu. Ijumaa asubuhi akapiga moyo konde, akazungusha kitufe, akatoka bila kugeuka nyuma. Mimi nikabaki chumbani kwenye uwazi wangu wa kidole.

Mama mwenye nyumba alifika saa tatu na nusu na kiti cha plastiki, nesi akatoka kwake na kanga mabegani. Niliwasikia wakikohoa. Saa nne binti wa upande wa pili akaanza kusoma. Karani aliinua sikio moja, akalishusha. Bei za mbolea zikaja, zikapita. Hali ya hewa ikapita. Kwenye habari za kimataifa alijigeuza akalala chali, miguu minne juu, na kuanza kukoroma.

Mlango uligongwa. Nikafungua.

"Mbwa yumo humu kweli?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Yumo. Amelala."

"Msije mkawa mmemficha kwa ndugu. Hebu mwamshe nimwone."

"Mama, usimwamshe!" nesi alisema. "Nakuomba kwa jina lolote unaloliamini."

Mama mwenye nyumba alichungulia, akaitazama miguu minne, akabeba kiti chake. "Basi akae. Ila stesheni ni hiyohiyo. Siku nikisikia nyingine, narudi."

Imekuwa hivyo tangu siku hiyo, mwaka wa pili sasa. Nesi analala mpaka saa tisa. Viatu vya kushoto vinaishi. Mama mdogo bado anasoma taarifa kwa nchi nzima, isipokuwa kwake.

Juzi nilimsindikiza asubuhi. Tukiwa kwenye ngazi, sauti ya yule binti ikitufuata kupitia mlangoni, nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba muda wote huo: haimuumi, kumwachia mbwa wake sauti ya yule?

"Inaniuma mpaka pale kwenye duka la dawa," alisema. "Yeye sauti yangu ilikuwa inamuuma mpaka nirudi."