Gauni la Kijani Ambalo Mama Hakuwa Nalo

Enzi zetu mtu hakupigwa picha kabla ya kuoga. Siku hizi wajukuu wetu wanajipiga wakiwa na mswaki mdomoni, na sahani moja ya chipsi inapigwa picha nyingi kuliko nilizopigwa mimi utoto wangu wote. Kwetu picha ilitangazwa wiki nzima mapema, na wiki hiyo sikuruhusiwa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzangu nyuma ya nyumba zetu kule Dagoretti, nisije nikachubuka goti.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa darasa la pili. Nyanya, mamake Mama, alikuwa ametuma salamu kutoka Machakos kwamba anataka kuona binti yake na mjukuu wake wanavyokaa Nairobi. Mama akanunua kitambaa cha rangi ya machungwa, akakishona gauni kwa mkono jioni baada ya jioni, huku Baba akisoma gazeti hatua mbili kutoka hapo. Jumamosi ilipofika alinipaka mafuta miguuni hadi nikang'aa, tukapanda basi sote watatu kwenda mjini.

Studio ilikuwa ghorofani, na pazia lake lilichorwa ziwa na ngazi za kifahari zisizokwenda popote. Mpiga picha, mzee mwenye miwani, alitukalisha Mama na mimi, akatukataza kucheka. Ndiyo maana mpaka leo tunaonekana kama watu wanaongoja kusomewa hukumu. Baba hakuingia kwenye picha. Alisimama kando ya kamera akituamuru tukae wima.

Picha za wakati ule zilitoka nyeusi na nyeupe. Ukitaka rangi, mzee alikupakia kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, na ilikuwa juu yako kumwambia kila kitu kilikuwa rangi gani. Baba, aliyekuwa karani mjini, alipita huko peke yake akitoka ofisini. Akaulizwa rangi ya gauni la mkewe, akajibu bila kusita.

Picha ilipokuwa tayari aliileta nyumbani imefungwa kwa karatasi ya kaki, anatabasamu tangu mlangoni. Mama aliifungua, akaitazama, akaiweka mezani.

"Baba Mueni," alisema polepole, "huyu mwanamke wa gauni ya kijani ni nani?"

"Si ni wewe."

"Mimi sina gauni ya kijani. Ni nani huyo ulikuwa unafikiria?"

Tangu jioni hiyo chakula kilipikwa kama kawaida, lakini maneno yote yalipitia kwangu. "Mueni, ambia babako chai iko tayari," Mama alisema, na Baba ameketi papo hapo. Niliogopa sana. Jirani yetu mmoja alikuwa amefunga virago akarudi kwao kwa jambo dogo kuliko hilo, nami kila nikitoka shule nilikimbia kuangalia kama sanduku la Mama bado liko chini ya kitanda.

Jumamosi iliyofuata Baba alinishika mkono tukarudi mjini na ile picha. Ndani ya basi aliniinamia. "Mueni, gauni ya mamako ni rangi gani?"

"Ya machungwa, Baba."

Tukashuka mjini, tukapanda hadi studio. Mzee wa studio alisema hiyo ni kazi ndogo, atafuta kijani kwa tapentaini apake rangi ya machungwa. Baba akamzuia.

"Futa tu," alisema. "Usipake ingine. Nikipeleka ya machungwa atajua nimeambiwa."

Basi tukakaa kwenye benchi mchana kutwa, mzee akifuta mashavu, maua na gauni, hadi Mama akarudi kuwa mweusi na mweupe. Kipande kimoja tu cha kijani kilikataa kutoka, kwenye mkunjo wa kola, kidogo kama punje ya ndengu.

Nyumbani, Mama aliipeleka picha dirishani. Baba alisimama kofia mkononi.

"Gauni sikuiona, Mama Mueni," alisema. "Nilikuwa naangalia uso."

Mama aliweka kidole kwenye kola. "Umeacha kitu hapa kwa shingo," akasema, na alikuwa anamwambia yeye, si mimi. "Wacha ikae." Kisha akacheka, nami nikatoka kwenda kucheza kati.

Nyanya alipelekewa nakala nyingine isiyopakwa kitu. Ile yetu Mama aliihifadhi ndani ya Biblia miaka yote, hata baada ya Baba kufariki, na alipofariki yeye ikawa yangu.

Juzi niliipeleka kwa mjukuu wangu Mutheu, anayeishi Kilimani, anitolee nakala kubwa, maana imeanza kuwa njano. Akaipiga kwa simu, akagusa kioo, na kazi iliyomchukua yule mzee mchana kutwa ikaisha kabla sijavaa miwani. Nilistaajabu, sikatai. Lakini enzi zetu rangi ya picha ilitoka kwa mtu aliyejaribu kukukumbuka, hata akikosea, na mimi nautamani utu huo.

"Shosho, nimeifanya black and white kabisa. Si sasa iko clean?"

Ilikuwa safi kweli. Uso wa Mama ulionekana wazi kuliko nilivyowahi kuuona. Nikatafuta kwenye kola, na pale hapakuwa na kitu.

"Rudisha ile ya kwanza," nilimwambia.

"Lakini Shosho, hiyo iko na doa hapa kwa shingo."

"Si doa, Mutheu. Hapo ndipo babangu yuko."