Watoto Watatu Walioitwa Nzila

Hebu mtazame Tekla anavyoingia: mama mnene wa miaka hamsini na mbili, viatu vimejaa vumbi la Goweko, daftari la wazazi kalifunga kwenye kanga kama aliyebeba kichanga. Ni mkunga wa zahanati ya kijijini huko porini, peke yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Leo kaitwa Tabora mjini kwenye kikao cha mpango wa afya.

Anachokitaka ni kimoja: nyumba ya kusubiria, vyumba viwili tu karibu na zahanati, wajawazito wa mbali walale humo wiki zao za mwisho. Jana kampima Levina, mimba imeshuka, na kwake hadi zahanati ni mwendo wa saa nne kwa miguu.

Mratibu, kijana aitwaye Hilari, alikuwa anatafuna sambusa.

"Shikamoo, sista Tekla."

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera. Zahanati yako imefikia lengo la taifa. Kijani tupu."

Tekla akaisoma karatasi ya takwimu aliyopewa. Wazazi wake kumi na wanne waliojifungulia njiani wamehamishiwa safu ya waliozalia zahanati.

"Hawa niliwapokea wameshazaa. Wengine kitovu kimekatwa kwa wembe wa kunyolea ndevu."

"Si walifika? Basi ni wako."

"Na nyumba yangu?"

"Aa, sista. Nyumba wanapangiwa walio chini ya lengo. Wewe umeshapanda juu." Akaisogeza karatasi, vidole vikaacha mafuta juu ya majina. "Weka saini hapa."

Miaka yote ile ya damu na maji ya uzazi, Tekla hakuwahi kuona kinyaa. Leo, kwa yale mafuta, alikiona.

"Njoo Jumanne, siku ya kliniki," akasema. "Kwetu anayezaliwa njiani huitwa Nzila, yaani njia. Nikiita Nzila siku hiyo moja tu, wanasimama mama watatu. Hao nao utawahamishia safu gani?"

Hilari akachukua sambusa nyingine. "Usiposaini, sista, tutakusainia. Karatasi lazima iende leo."

Tekla akalifunga daftari lake kwenye kanga, akatoka, akatema mate uani. Hajafika stendi simu ikalia. Mkwe wa Levina: uchungu umeanza, ndiyo kwanza wanatoka nyumbani.

Haya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, huyo wa Levina tumwite nani?