Sweta Tatu za Mwanangu

Nilikuwa nauza mitumba ya watoto katika soko la Owino, Kampala. Midomo ya mwanangu wa wiki tatu ilipogeuka bluu, nilidhani ni baridi, nikamvika sweta kutoka kwenye belo la mitumba. Mama Mkongomani wa meza ya jirani aliniambia mtoto anahema vibaya, nimpeleke hospitali. Nikamjibu ashughulike na vitenge vyake. Nikaongeza sweta ya pili, halafu ya tatu.

Alipozidi kuhema kwa shida, nikamkimbiza hospitalini. Nesi alizivua zote, akanionyesha mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi.

"Mama, huyu hakukosa joto. Amekosa hewa."

Wakamwekea oksijeni, lakini nilikuwa nimechelewa.

Baada ya mazishi nilizifua zile sweta, nikazirudisha mezani. Mjamzito mmoja alizichukua zote tatu. Nilimwambia zina joto sana.